Maharage Ndani ya Blanketi

Sechelela aliepua sufuria ya maharage ikiwa bado inatokota,
akaivika blanketi la mtoto,
lile la Mbeho lenye tembo waliofifia,
akaishindilia kikapuni katikati ya maganda ya karanga,
akafunika kwa mto.
"Yataiva," akasema. Akaenda kazini.

Ilikuwa likizo. Nikabaki nakitazama kikapu
kama mtu anayelinda mgonjwa.
Mchana kutwa upepo wa Nkuhungu ulipiga mabati,
vumbi jekundu likaingia, likatoka, halikuaga,
nami nikanunua chapati mbili za tahadhari
nikazificha juu ya kabati.

Saa kumi na moja tulifungua.
Mvuke ukanipiga usoni.
Harage la kwanza lilipondeka ulimini bila kubembelezwa.
Chapati nilizitafuna usiku, gizani, kwa aibu.

Ndivyo ilivyoanza.
Si kwa semina, wala kwa kuipenda dunia.
Ilianza gunia la mkaa lilipopanda bei mara mbili
kabla zabibu hazijaiva.

Sasa tuna sheria, kwa chaki, nyuma ya mlango.
Maji yaliyosuuza vyombo yanakwenda kwenye mzabibu,
yaliyofua, chooni,
yaliyochemsha yai hayamwagwi mpaka yaulizwe.
Mbeho, darasa la nne, ndiye hakimu.
Amechora mistari kwenye pipa kwa rangi ya kucha,
kila jioni anasoma kina kama karani wa bwawa
na kumtaja mwizi kwa jina.
Mwizi ni mimi.
Ndevu zangu, anasema, zinakunywa kuliko ng'ombe.
Taa ya uani tumeizima.
Luku ya wiki inafika Jumapili;
inachechemea, lakini inafika.

Mama alipokuja kutoka Mvumi
tulimtembeza kama mgeni wa serikali:
kikapu hiki, pipa hili,
shimo hili maganda yanaoza kwa faida.
Akatazama. Akarudi kuchambua mlenda wake.
"Haya nimeyafanya miaka hamsini," akasema,
"na watu waliyaita umaskini.
Ninyi mmeyapa jina gani?"
Sechelela akacheka, kisha akaacha.

Na kuna jambo halijaandikwa nyuma ya mlango.

Chedego, muuza mkaa, alipita mara tatu.
Mara ya kwanza alidhani tumesafiri.
Ya pili, kwamba tumemhama, tunanunua kwa mwingine.
Ya tatu aliegemeza baiskeli ukutani,
magunia mawili yamelala juu yake kama walevi,
akauliza, "Mwalimu, nilikukosea wapi?"

Nikamweleza. Nikautumia mkono, kama niko ubaoni:
vilima vya kule Hombolo, upara wake,
mvua inayokuja mara moja na kuondoka na udongo.
Akanisikiliza kama mtu anayesimuliwa na mgeni
msiba wa nyumbani kwake.
"Miti ile naijua mmoja mmoja," akasema.
"Wewe umeisikia."

Nikakosa pa kuuweka mkono.
Sechelela akamletea maji, kikombe kimejaa hadi ukingoni.
Mbeho aliona. Hakuyaandika.

Kisha Chedego akataka kukiona hicho kikapu
kinachomnyang'anya wateja.
Akapiga magoti jikoni, akainua mto,
akaweka kiganja juu ya blanketi
jinsi mzazi anavyopima homa.
"Moto uko wapi?"
"Ulikuwepo asubuhi," Sechelela akamjibu. "Hatujauacha utoke."

Akatikisa kichwa, taratibu,
akapanda baiskeli yake na magunia yake yote mawili.

Kiganja chake kimebaki kwenye blanketi,
cheusi, vidole vitano, katikati ya tembo.
Mwezi wa pili huu, Sechelela hajalifua.
Anasema anabana maji.
Namwitikia. Najua si maji.